Jina Kwenye Kila Mstari

Makofi yalilia ukumbini. Fundi naye akapiga, kwa shingo upande.

Aliyepigiwa ni wifi yake, dada wa mumewe. "Haifai kompyuta moja iitwe bwana na nyingine mtumwa," alikuwa amesema. "Babu zetu waliuzwa kwa maneno hayo."

"Mashine haina babu," mzee wa mitambo alinung'unika. "Inapewa amri, inatii, basi."

"Anayeliandika neno hilo ndiye mwenye babu!" wifi alimjibu.

Bosi akakata shauri: sasa ziitwe mkuu na msaidizi. Wifi mtu akavimba kichwa.

Fundi aliona wivu. Maneno yale yalikuwa yake, neno kwa neno! Aliyasema mwaka jana jikoni kwa mama mkwe, mikono imejaa povu, na wifi akamcheka: "Hilo nalo la kukukosesha usingizi?" Leo wifi ananukia ukuu wa idara, na yeye bado kibarua wa mkataba.

"Fundi, kazi ya kubadilisha majina imalize leo," bosi alisema. "Tumia akaunti ya wifi yako, mradi ni wake."

Mfumo hutia jina la mtu kwenye kila mstari wa programu anaougusa, na kamati ya ajira huyasoma majina hayo.

"Wifi, usininunie," wifi alimnong'oneza. "Nikipanda, nitakuvuta."

"Ulivyonivuta mwaka jana?"

Fundi akaingia kwa akaunti yake mwenyewe. Utaratibu ulitaka matawi ya kampuni yaarifiwe kwanza, kwa idhini ya wifi. Kumpigia magoti yule? Thubutu! Akabadilisha neno mtumwa kila mahali lilipokuwa, huku akiliona jina lake likishuka ukurasa mzima. Moyo ukamtulia.

Mchana simu zikaanza kulia. Kompyuta za matawini zilikuwa bado zinamtafuta mtumwa, na mtumwa hayupo. Malipo yamekwama, wateja wanafoka.

Bosi akafungua kumbukumbu za mfumo. Jina la Fundi, juu mpaka chini.

"Mimi sikugusa hata mstari mmoja," wifi alisema, macho sakafuni. Hakusema uongo.

"Rudisha lile neno, halafu uache kadi ya mlango," bosi alimwambia Fundi.

"Kwa akaunti ya nani?"

"Yako. Kosa si lako?"

Ukumbini kulikuwa bado na soda za kumpongeza wifi. Fundi akavuta kiti, akafuta machozi kwa kiganja, akaanza kuandika: mtumwa.