Dakika za Kitabu cha Wageni

Bi Dakika alifika kwenye ngazi za soko kuu akaitazama saa yake ya mkononi, na saa ikamwambia jambo asilotaka kulisikia. Kutoka geti la feri hadi pale alikuwa ametumia dakika saba. Kitabu cha kuongoza wageni kilisema kumi na nne.

Alikitoa mkobani akakifungua ukurasa wa pili, ingawa maneno yake aliyajua bila kusoma, maana aliyaandika mwenyewe. "Karibu katika mji wa biashara wa kisiwa chetu. Makao ya serikali yako kwingine. Hapa utakuta bandari, benki, maghala na maduka. Maduka mengi hufungwa saa saba mchana na kufunguliwa tena saa tisa. Mji si mkubwa. Utautembea kwa miguu." Chini yake zilifuata zile dakika zilizompa jina lake la mjini: feri hadi soko, soko hadi benki, posta hadi hospitali. Alikata kumi na nne kwa penseli, akaandika saba.

Jana yake bosi alimwita ofisini. Alikuwa kijana mwenye adabu, ana mwezi mmoja tu kazini.

"Mama, samahani, hizi dakika alizipima nani? Kobe?"

"Nilizipima mimi, bosi."

"Kuna mgeni ametuandikia barua. Kitabu kilimwambia benki iko dakika kumi na mbili. Akaipita, akaenda mpaka kwenye maghala ya saruji, akarudi mweupe kuanzia nywele mpaka viatu." Bosi alicheka. "Kesho saa kumi jioni tunapeleka kitabu kipya kwa mchapaji. Zipime upya, mama yangu."

Naye alicheka, kwa sababu picha ya yule mgeni ilichekesha kweli. Hakusema kwamba kobe alikuwa mumewe, wala kwamba walimzika miezi minane iliyopita.

Mumewe alikuwa mchukuzi bandarini, mtu wa magunia mawili kwa mkupuo, mpaka siku kreti la vipuri lilipomwangukia mguuni. Mguu ulipona kwa kupinda. Tangu hapo akawa mtu wa ndani. Aliona haya wenzake wamwone akichechemea, akakaa chumbani mwaka mzima akigombana na redio. Bi Dakika alipopewa kazi ya kuandika kitabu, alirudi nyumbani na uongo mmoja mzuri.

"Ofisi inataka watu wawili," alimwambia. "Mmoja wa kutembea, mwingine wa kushika saa."

Mumewe alimtazama kwa muda. Alijua anadanganywa. Hata hivyo, aliomba shati lake la bluu.

Basi kila mwaka, kwa miaka kumi na moja, waliupima mji pamoja, mke akifupisha hatua zake ili mume asibaki nyuma. Kila aliyekutana nao alisalimiwa, akaulizwa watoto, akaulizwa hali ya kazi. Na saa haikusimamishwa.

"Unaharibu vipimo," mkewe alimwambia.

"Salamu nayo ni njia," mumewe alijibu. "Au huyo mgeni wako atapita kama upepo?"

Leo alikuwa peke yake, na miguu ilikuwa yake mwenyewe. Pale sokoni muuza vitunguu alimpigia kelele. "Bi Dakika! Mbona mbio, unafukuzwa?"

"Nafukuzwa na bosi!"

"Tembea taratibu, dada. Mji hauhami."

Alijaribu. Aliondoka sokoni kwa mwendo wa bibi harusi, lakini kabla ya kufika pembe ya kwanza miguu ilikuwa imeshashika kasi yake tena. Aliumia sana moyoni kugundua kwamba ule mwendo wa miaka kumi na moja umemtoka mwilini. Benki ilikuwa dakika tano. Alipoikata ile kumi na mbili, alijiona kama anayemnyang'anya mumewe mkongojo.

Njia ya posta hadi hospitali aliiacha mwisho. Alijidai ni kwa sababu ya mlima.

Nyumba yao iko nyuma ya posta. Asubuhi ile ya miezi minane iliyopita, mumewe alishika kifua akaketi mlangoni, jasho likimtiririka. Jirani yao, mchukuzi mwenzake wa zamani, alikuja mbio na mkokoteni wake. "Shemeji, tumpakie humu, nimkimbize!" Bi Dakika alikataa. Hospitali ilikuwa dakika ishirini na tano. Aliijua hesabu hiyo kama jina lake. Dakika ishirini na tano mlimani, mtu amelazwa juu ya mbao? Wakaita gari. Gari lilichukua nusu saa kufika. Hospitalini daktari alivua miwani akasema, "Mngewahi kidogo tu, mama." Tangu siku hiyo alijipoza kwa neno moja: hata kwa mkokoteni tusingewahi. Kwa neno hilo aliweza kula, aliweza kulala.

Hakuwa amewahi kuipanda njia ile kwa miguu bila mumewe. Walipoipima walipumzika mara tatu, na mara moja mumewe alikaa kabisa akanywa maji. Hayo yote yaliingia kitabuni. Na kitu kikishachapwa, hata aliyekiandika hukiamini.

Alianzia kwenye ngazi za posta. Hakukimbia. Aliupanda mlima kwa hatua zake za kawaida, hana pumzi nyingi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Geti la hospitali lilipotokea alidhani amepotea njia.

Dakika tisa.

Akarudi posta, akaanza upya. Tisa na nusu. Akasimama getini, saa mkononi.

Yule jirani yake alikuwa pale pale, akishusha maboksi ya sabuni kwa ajili ya stoo ya hospitali. Alimwona, akauona mkono wenye saa, akaacha kazi.

"Shemeji," Bi Dakika alisema, "mkokoteni wako unapanda hapa kwa dakika ngapi?"

Mchukuzi aliinama akaanza kupanga maboksi ambayo tayari yalikuwa yamepangika.

"Nakuuliza wewe."

"Kumi. Ukiwa mtupu, nane."

"Na siku ile ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukunibishia?"

"Ulisema ishirini na tano, shemeji." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Wewe ndiye Bi Dakika. Nani angekubishia?"

Bi Dakika alikaa juu ya boksi la sabuni. Machozi yalimtoka bila sauti, na mchukuzi akasimama upande wa jua amfanyie kivuli, maana hakuwa na kingine cha kumpa. Simu ililia mkobani. Ililia tena.

"Mama, tuko tayari," alisema bosi. "Nisomee."

"Posta hadi hospitali, andika tisa."

"Tisa? Ilikuwa ishirini na tano!"

"Tisa. Iandike kwa herufi nene, na uipandishe juu ya zote."

"Sawa. Na sokoni? Na benki?"

Alikitazama kitabu mapajani, na zile namba alizozikata asubuhi. "Hizo ziache zilivyokuwa."

"Lakini mama, yule mgeni aliyelalamika..."

"Wageni wawahi tu, mwanangu. Hakuna aliyekufa kwa kuwahi sokoni."

Bosi akasema ameandika.

Mwanamke mmoja alikuwa anamalizia mlima, mtoto mgongoni, uso wa mtoto umelegea begani. Alisimama mbele yao akihema. "Jamani, kwa daktari wa watoto ni mbali?"

Bi Dakika alikuwa ameshanyanyuka. "Si mbali," alisema. Akampokea mkoba, akamshika mkono, akatangulia naye getini kwa haraka, mlinzi akiwaita nyuma waje wajiandikishe.