Koki ya Hita

Mama Pacha alikuwa ameshakata shauri, na akikata shauri hata shoka halifui dafu: kwenye lori lenye baridi hapandi.

"Magoti haya si ya usichana, Baba Pacha. Wewe vuka mlima na chuma chako, mimi nitapanda basi. Tutakutana kwa kitukuu."

Baba Pacha, dereva aliyezeekea kwenye usukani, akaenda kufungua boneti. Macho yalikuwa yanaanza kumsaliti, na leseni ikiisha hakuna wa kumpa nyingine. Safari ya kwenda kumwona kitukuu ndiyo ya mwisho. Alitaka mkewe awe kwenye kiti cha pembeni, kama zamani.

Zamani hizo, kabla pacha hawajaanza shule, wote wanne walisafiri na kulala humo humo. Hita ilipuliza mpaka vioo vikatoa jasho. Mama Pacha alianika soksi za watoto mbele ya tundu la hewa, na lori zima likanuka sabuni na vumbi la moto. Kisha watoto wakaingia shule, mama akabaki nyumbani, na dereva akapewa njia ya tambarare, kwenye jua la kukaanga ubongo. Siku ya kwanza tu akachomoa waya wa koki ya hita, akaifunga kwa mkono, akasahau kama ipo.

Sasa alirudisha waya, akawasha injini, akaiacha ipate moto. Mama Pacha akasimama pembeni, mikono kiunoni.

"Maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanapita mpira huu," mzee akamweleza. "Koki ikifunguka yanaingia rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza, unapata joto. Ikifungwa, hayaendi huko. Yenyewe ni bawabu tu."

Mama Pacha akagusa mpira upande mmoja, akaruka. "Moto!" Akagusa ng'ambo ya koki. "Baridi kama pua ya mbwa. Bawabu wako amelala, mzee."

Kweli. Waya ulivuta, lakini kishikio cha koki hakikutikisika. Koki ya namna ile hutaka kuchezeshwa mara kwa mara, hata nchi za joto. Ukiitelekeza, kutu na magamba ya maji huishika. Yeye aliitelekeza mpaka nywele zikageuka mvi.

Akasubiri injini ipoe, akachukua koleo.

"Taratibu, mume wangu."

"Nani fundi hapa?"

Krak! Kishikio na nusu ya koki vikabaki kwenye koleo. Na koki za lori la umri ule haziuzwi tena popote.

Baba Pacha akakaa kwenye bampa. Hakutukana, na hilo ndilo lililomtisha mkewe.

"Sasa bawabu akiondoka kabisa?" Mama Pacha akauliza kwa upole.

"Maji yatapita muda wote. Hita haitazimika. Mlimani tutastarehe, lakini tukishuka tambarare tutaiva."

"Unganisha."

Akaitoa koki, akaunga mipira miwili kwa kipande cha bomba, akakaza klipu, akajaza maji.

Kesho yake mlimani ukungu ulikuwa mzito kama uji, lakini ndani joto lilikuwa tele. Mama Pacha alivua viatu, akaelekeza magoti kwenye tundu la hewa, akaanza kumkosoa mumewe kila kona. Mzee alitabasamu peke yake. Miaka mingi hakuna aliyemkosoa barabarani.

Waliposhuka tambarare jua likawapokea kwa juu, hita kwa chini. Jasho likawatiririka. Kwenye kituo cha njiani basi lilikuwa kivulini, utingo anaita abiria. Baba Pacha akapunguza mwendo.

"Mama Pacha, mbele kunachoma zaidi. Basi lile lina nafasi."

Mkewe akateremsha kioo mpaka mwisho, akajipepea kwa kiatu.

"Unapunguza mwendo wa nini? Kanyaga mafuta, tupate upepo!"