Dakika Kumi za Naisiae

Vumbi la Handeni hufika mpaka Korogwe. Hutua juu ya kioo cha kompyuta, na kila asubuhi Grasiana hulifuta kabla ya kufungua kozi yake.

Kozi aliipanga mwenyewe: masomo manane ya afya ya mifugo, kwa njia ya mtandao, kwa wafugaji wa mbali. Majosho ya serikali yamekauka, dawa zimehamia madukani, na boma lisilo na mwenye cheti cha kozi hii haliuziwi dawa kali. Kila somo lina picha, kila picha ina swali, kila swali lina dakika kumi. Alipima. Hakubahatisha.

Naisiae, mfugaji wa Kabuku, alipolifungua swali la ndigana, homa ya kupe inayoua ng'ombe, mara tatu, na mara tatu akaliacha tupu, kompyuta ilimwondoa kozini. Grasiana akapeleka mkoani orodha ya waliofaulu bila jina lake. Dakika kumi ni dakika kumi.

Leo Naisiae amekuja mwenyewe, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona hukujibu?"

"Nimejibu." Akatoa daftari. "Uliandika: mtazame ng'ombe huyu, taja tezi iliyovimba, taja homa. Picha haikufunguka, mtandao wa Kabuku unajikokota. Sasa mwalimu, ng'ombe ningemtazamia wapi? Dukani kwa Harish, kwenye kompyuta ya kukodi, nyuma ya magunia ya sukari? Nikarudi bomani kupima."

Grasiana hakucheka. Alisoma. Jumatatu: tezi ya chini ya sikio, homa arobaini na moja. Alhamisi: hali majani, anahema kwa shida. Jumapili: mapovu puani. Amekufa.

Wanafunzi arobaini na wawili walifaulu swali lile. Hakuna aliyemgusa ng'ombe.

"Hukumpa dawa?"

"Ningeuziwa na nani, bila cheti?"

Grasiana aliweka daftari mezani, taratibu. "Orodha imeshakwenda. Kozi nyingine ni mwakani."

"Ng'ombe wamebaki kumi na mmoja, na wawili wameanza homa. Njoo uwaambie wewe, mwakani."

Akaondoka.

Grasiana alilifungua swali lile, akaizuia picha isitokee. Kisanduku cheupe, kitupu. Dakika ya kwanza. Ya tano. Mwanga ulilionyesha vumbi juu ya kioo, chembe kwa chembe, na hakulifuta. Lilikuwa limetembea kuliko yeye. Ya nane. Ya kumi. Kompyuta ikaandika: hujajibu.

Akachukua kalamu, akawaandikia wa mkoani. *Orodha niliyowaletea ina kosa. Kosa ni langu.*

Mkoani hupokea masahihisho kwa barua tu, na barua hufika kwa wiki mbili. Ndigana huua kabla ya hapo.