Supu Aliyoimaliza Baba

Kisu chake cha kukunja Baba alikiacha nyumbani. Hapo nikajua safari hii ameidhamiria, maana mzee Firmin Lacombe hajawahi kukata mkate kwa kisu cha mtu mwingine tangu arudi jeshini. Tulipanda treni mbili kutoka Périgueux hadi Lyon, yeye akiwa ndani ya suti aliyovaa kumzika Mama, na mwezi Februari kumzika kaka yangu Bastien.

Bastien alikuwa mpishi katika mgahawa wa wenye nazo. Tulikuwa tunakwenda kula chakula cha mchana pale alipopikia. Akiwa hai hatukuwahi kukanyaga, na kosa halikuwa langu.

Miaka sita iliyopita alituita kwa wakwe zake, siku ya posa. Supu ilipobaki kidogo bakulini, Baba akaimiminia divai nyekundu, akainua bakuli kwa mikono miwili anywe. Kwetu mashambani supu huishia hivyo. Tunaita shabro, na asiyeinywa tunamuuliza kama anaumwa. Wakwe wakatazamana. Bastien akamnong'oneza, "Baba, si hapa."

Baba akatua bakuli, akachukua kofia, akaenda zake stesheni. Tangu siku hiyo, kila Krismasi simu ikilia aliniambia, "Mwambie nipo bandani kwa mabata." Naye amekaa kitini, simu anaifikia kwa mkono. Wahenga walisema hasira hasara, ila hawakusema kwamba hasara hiyo huliwa na nyumba nzima.

Mhudumu aliyetupokea alikuwa bwana wa makamo, jina lake Anselme, mwenye tai ya kipepeo. Baba alinikataza kumwambia sisi ni nani.

"Unaona haya?" nikamuuliza Baba, Anselme alipoondoka.

"Sitaki kuonewa huruma na mtu mwenye kipepeo shingoni. Nimekuja kula. Nataka kujua kama mwanangu alituonea aibu mpaka mwisho."

"Na kijiko ndicho kitakachokwambia?"

"Nyamaza, Ghislaine. Una mdomo kama mama yako."

Kwenye orodha ya vyakula kulikuwa na supu ya kitunguu saumu. Anselme alisema bado wanaipika vile vile alivyowaachia mpishi wao, marehemu. Ikaja ndani ya bakuli la udongo, katikati ya vyombo vyote vile vya kung'aa. Baba akaonja, akafumba macho.

"Ya mama yako hii," akasema. "Mpaka mafuta ya bata."

Akala polepole, yeye ambaye hula kama anayewahi mvua. Supu ilipofika chini, niliona mkono wake wa kulia ukienda kwenye glasi ya divai. Mazoea ya miaka sabini. Ukasimama njiani, ukarudi pajani. Akainamisha bakuli, akakwangua kwa kijiko hadi tone la mwisho, kisha akalipangusa kwa mkate.

"Si hapa," akasema taratibu, akaketi wima kama mwanafunzi anayesubiri kusifiwa. Nilimpenda sana dakika ile, na nilikuwa bado nimemkasirikia.

Ndipo Anselme akafika na jagi dogo la divai nyekundu. Akachungulia bakulini.

"Aa, mzee wangu. Nimekuchelewea. Umeimaliza yote."

"Ilikuwa tamu. Nimekosea?"

"Kosa ni langu, nilishikwa na meza ile pale. Supu hii inabakizwa kidogo chini, namimina divai, mgeni anainua bakuli anakunywa. Hatuwaambii mapema, marehemu alitaka iwe ghafla. Wengine wanaona haya. Basi alikuwa anatoka jikoni mwenyewe na aproni yake, anawaambia, 'Hapa hapa. Baba yangu hunywa hivi, na sijaona mtu anayejua kula kumshinda.'"

Kwenye meza ya jirani, mama mmoja mwenye lulu shingoni alikuwa ameinua bakuli lake kwa mikono miwili, viwiko mezani, anakunywa kama bibi yangu.

Maneno ya miaka sita nilikuwa nimemwekea Baba, nikapanga nimpe yote kwenye treni ya kurudi. Nikayaacha pale pale mezani.

"Nikuletee nyingine?" Anselme akauliza.

"Hapana, mwanangu," Baba akasema. "Yangu nimeshaimaliza."

Akaliinua lile bakuli tupu kwa mikono miwili, akaliweka mdomoni, akakaa nalo hivyo, uso wote ndani. Mabega yakaanza kutikisika. Anselme alinitazama mimi, akamtazama tena Baba, ile mikono yake mikubwa ya shamba, akaelewa.  Alitugeuzia mgongo, akasimama pale na jagi lake, kati yetu na watu, mpaka Baba alipoweza kulitua bakuli.