Gari Lililonuna

Gari lenyewe lilikuja bila mlio, na pengine hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mtaani kwetu gari husikika kwanza, ndipo likaonekana. Hili niliinua macho kutoka kwenye cherehani nikalikuta limeshasimama mbele ya karakana yangu, jeupe, limetulia, kama mgeni aliyeingia uani bila kupiga hodi.

Aliyelileta ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Kampuni yake ilikuwa imefungua tawi mwisho wa barabara yetu, palipokuwa na duka la magodoro, ikamkabidhi yeye mauzo. Ni magari ya umeme tupu: si gari dogo la chini, si jeep, bali kitu cha katikati, kilichoinuka kama jeep na kuchongwa mgongo kama gari dogo. Wakubwa wake walimwagiza akusanye maoni ya watu kuhusu umbo lake kabla ya ufunguzi, naye kwa heshima akaona aanzie kwangu.

"Baba," aliniambia, "wewe unayajua magari kwa ndani. Sema, usinifiche."

Nimeshona viti vya magari maisha yangu yote ya kazi, na tangu nilipojifunza kusoma sawasawa katika darasa la jioni, ukurasa wa magari wa gazeti haujawahi kunipita. Ndiyo maana mtaa unaniita Mzee Gazeti. Basi nilivua miwani ya kushonea nikavaa ya kusomea, nikalizunguka gari taratibu, nikatoa maoni yangu kwa mpangilio. Nilisema paa linaloteremka kwa nyuma linapendeza machoni, ila abiria mrefu atalilaumu. Nilisema magurudumu makubwa yanalipa gari heshima, na tumbo lake liko juu ya mashimo yetu. Niliusifu mshono wa viti, ingawa uzi ungekuwa mnene kidogo. Kuhusu soko sikuuma maneno: mwenye familia atalipenda, na aliyechoka kupanga foleni ya petroli atalipenda zaidi, maana siku mafuta yatakapopanda bei yeye atakuwa amelala usingizi. Nikatabiri kwamba haitapita miaka mingi kabla kila nyumba yenye geti haijawa na moja.

Watu walikuwa wameshajaa. Mchonga funguo alisema taa ni nyembamba mno, kama macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Mama muuza vitambaa aliipenda rangi. Fundi redio aliuliza gari lisilonguruma mtu atajuaje kwamba linaumwa. Mkwe wangu alimshukuru kila mmoja.

Ndipo akatoka kinyozi wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Kiwembe, taulo begani, mteja amemwacha kitini na povu kidevuni. Alilizunguka gari mara moja tu. Akasimama mbele yake, pale ambapo magari mengine huwa na wavu wa kuingiza hewa, na hili lina bati tupu lililozibwa.

"Huyu mbona ni mama mkwe," alisema.

Tulimtazama. Akafafanua kwa utulivu, kama daktari. Macho membamba. Midomo imebanwa. Amekaa juu juu, hataki kuchafuka. Anaingia kwako hujasikia, na akishaingia hasemi, anakutazama tu.

Mtaa mzima ulicheka. Yule mteja naye alikuja mlangoni na povu lake akacheka. Lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa mkwe wangu, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alidhani ameokota tangazo la bure. Alisema watu wakilipa gari jina la utani, wameshalipokea nyumbani. Kijana wa watu alikuwa mgeni mtaani, hakujua kwamba jina likitoka kwa Kiwembe halirudi. Nilitaka kumwonya nikakosa pa kuanzia. Utamwambiaje mume wa binti yako kwamba mama mkwe si wa kufanyiwa mzaha, ikiwa mama mkwe wake yeye ni mke wako, na mke wako, Mungu amtunze, ana macho membamba na si mwingi wa maneno?

Sasa nieleze kwa nini jambo dogo kama hilo lilininyima raha. Binti yangu alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza iliyokaa baada ya kungoja kwingi. Walikuwa wamehamia vyumba vya uani kwetu ili mama yake awe karibu. Na kampuni ilikuwa imempa mkwe wangu masharti ya wazi: tawi likichangamka kabla ya mwaka kwisha, atabaki, likidorora litafungwa, naye atapelekwa tawi la mpakani, mbali kiasi kwamba mtu akienda huko huaga hata majirani. Kwa hiyo kila mteja aliyeingia katika lile duka, mimi nilimwona amembeba mjukuu wangu. Akinunua, mke wangu atampokea mtoto kwa mikono yake. Asiponunua, ataonyeshwa picha kwenye simu.

Na mwanzoni waliingia kweli. Mkandarasi mmoja, mtu wa tumbo na pesa zake, aliliendesha hadi kwenye mzunguko akarudi anatabasamu. Alisema atakuja kesho na mkewe. Kisha, kwa bahati yetu mbaya, akaona kidevu chake kimeota ndevu, akaingia kwa Kiwembe. Nilikuwepo, nimekwenda kusoma gazeti lake. Kiwembe hakumkataza kununua. Alimuuliza tu kwa adabu, wembe ukiwa shingoni, "Sasa bosi, ukifika nyumbani utamwambia mama watoto umemleta nani?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mkandarasi naye alicheka, ila hakurudi. Nilimwona baadaye amepanda gari la petroli, jipya, linalonguruma kama lina deni.

Baada ya hapo jina lilijiendea lenyewe. Walisema mama mkwe hasogei mpaka akeshe ukutani akila umeme. Walisema ukimpandisha mama mkwe milima, huzimia njiani. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu niliyemtegemea kwa kuwa ni msomi na ana nyumba yenye geti, alinieleza kwa siri kwamba gari analipenda, lakini mama mzazi wa mkewe yu hai, tena anakaa kwao. Angemwambiaje dereva, mbele ya bibi yule, akamwoshe mama mkwe? Nilimwambia gari halina jina hilo, lina jina lake la kiwandani lililoandikwa nyuma kwa herufi za fedha. Akanijibu kwa upole, "Mzee Gazeti, nani asomaye nyuma ya gari?"

Nilijaribu kulipa jina jingine. Nilianza kuliita Malkia, kwa sauti, kila nilipopata wasikilizaji. Niliwaambia wateja wangu kwamba Malkia ana viti vizuri, kwamba Malkia ameandikwa gazetini. Fundi redio alinisikiliza siku nzima, jioni akaniuliza, "Hivi huyo Malkia ndiye yupi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Aa, Mama Mkwe," akaendelea na kazi yake.

Mwishowe nikavuka barabara kwenda kumwomba Kiwembe mwenyewe. Nilingoja benchi liwe tupu. Nikamweleza yote: mimba, mpaka, mke wangu. Yeye si mtu mbaya. Alikaa kwenye kiti chake cha wateja, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, akajitazama kwenye kioo.

"Mzee wangu," alisema, "nikilikana leo watasema nimehongwa. Nikinyamaza, wanalo. Mimi nywele nikishazikata, siwezi kuzirudisha kichwani kwa mtu."

Alinipa gazeti lake niende nalo. Ndicho alichokuwa nacho.

Mke wangu tulikuwa tumemficha jina hilo. Binti yangu alijua, mkwe wangu alikuwa ameshajua maana yake kwa hasara, na sote watatu tukikaa mezani tulilizungumzia gari kama watu wanaomzungumzia marehemu. Lakini mtaa hauna pazia. Asubuhi moja alirudi kutoka sokoni akaweka kikapu chini, akaniuliza kwa nini wanawake wananyamaza anapopita. Nilijikuna. Aliniambia nisijikune, niseme.

Nikasema. Hakukasirika, na ningependelea akasirike. Alinawa mikono, akabadilisha kitambaa cha kichwa, akaniambia anataka kuliona.

Tulikwenda wawili hadi mwisho wa barabara. Mkwe wetu alipomwona mlangoni alisimama wima akaangalia viatu vyake. Mle dukani magari yalikuwa yamepangwa, safi, yanang'aa, na vumbi lilikuwa kwenye kiti cha wateja tu. Mke wangu alisimama mbele ya lile jeupe, wakatazamana. Watu wote waliokuwa wametoa maoni yao juu ya gari lile walikuwa wamelizunguka, yeye hakulizunguka.

"Halijanuna," alisema. "Linasikiliza."

Kisha akamgeukia mkwe wake. Akamwomba amwendeshe mtaa mzima, kwenda na kurudi, naye akae kiti cha mbele, vioo vishushwe.

Mkwe wangu aliniangalia kama mtu anayezama. Alikuwa hajawahi kukaa bega kwa bega na mama huyu hata msibani. Nilimwitikia kwa kichwa. Nikapanda nyuma, na ni kweli, kichwa changu kiligusa paa.

Tulipita polepole. Mke wangu aliketi kama alivyo, macho mbele, midomo imefungwa. Mchonga funguo aliacha tupa yake hewani. Mama muuza vitambaa akasema shikamoo mama, na wengine wakafuata, shikamoo, shikamoo, mlango hadi mlango, naye akijibu kila mmoja marahaba. Mbele ya kinyozi, Kiwembe alitoka akavua kofia akainama. Hakuna aliyecheka. Niliona aibu imewashika, nikajisemea moyoni kwamba mke wangu amefanya kwa dakika chache kile ambacho mimi na magazeti yangu tumeshindwa. Mkwe wangu alikuwa anatokwa na jasho, lakini niliona kwenye kioo anatabasamu.

Sikumwona mtu mwenye simu. Hadi jioni picha ilikuwa imeshaenea mji mzima: gari jeupe, na ndani yake, nyuma ya kioo, uso wa mke wangu, sura ileile mbele ya gari na ndani yake. Chini yake mtu aliandika kwamba sasa Mama Mkwe ameonekana mwenyewe. Watu tusiowajua walikuja dukani siku zilizofuata, wakubwa kwa wadogo. Walijipiga picha kando ya gari wamebana midomo, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza bei.

Barua ya uhamisho ilipokuja mkwe wangu alinisomea nikiwa kwenye cherehani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Magari yote yangerudishwa makao makuu isipokuwa lile jeupe. Hilo alipewa aende nalo mpakani akajaribu huko, kwa kuwa, wakubwa walisema, umbo lake tayari linajulikana.

Nilitaka kusema neno la mtu mzima. Nilichoweza ni kupima kiti cha nyuma. Nilikata sponji laini niliyokuwa nimeitunza kwa kazi ya maana, nikaivisha ngozi, nikashona godoro dogo linaloingia pale sawasawa, ili binti yangu aweze kujilaza njiani kwa ubavu. Nilitumia uzi mnene.

Walipoondoka mimba ilikuwa kubwa, mwezi wa mwisho. Mke wangu alimshika binti yake tumbo kwa mikono miwili, akamwambia maneno sikuyasikia. Mkwe wetu aliomba radhi, hatukujua kwa lipi, tukampa. Kiwembe alikuwa mlangoni kwake, hakuvuka.

Watu wakisafiri huwa tunasimama kwenye geti tukisikiliza injini mpaka ikate kona, ndipo tunaingia ndani. Hivyo ndivyo tunavyojua wameondoka. Mke wangu alikuwa amefumba macho. Mimi niliangalia vumbi la mkokoteni uliopita katikati, na lilipotulia barabara ilikuwa tupu.

"Wameshafika kona?" aliuliza.

Nilimwambia bado. Akaendelea kusikiliza.

Mkwe wangu alipiga simu walipofika. Alisema binti yangu amelala, hajambo, godoro limemfaa.

"Baba," alisema, "getini kwa mwenye nyumba kuna watoto walikuwa wanacheza. Walipotuona tu walimwita mama yao aje amwone Mama Mkwe."

Nilimwambia apumzike, safari inachosha.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu, anakunja nguo ndogo alizoshona, zile ambazo hazikuenea kwenye mabegi. Aliniuliza kama watu wa huko wamewapokea vizuri.

"Vizuri," nilisema. "Wanalijua gari."

Aliitikia kwa kichwa. Akaichukua nguo nyingine, akainyoosha juu ya goti, akaikunja.