Magoti ya Mjakaranda

Kama kuna mtu niliyemchukia kabla sijamwona, ni mzee Kaloki wa Kawangware.

Mume wangu Mulei alikuwa mchonga twiga. Wakamba wenzake pale Kibera nao walichonga twiga, shingo zile zile, miguu ile ile, kisha wakawapaka rangi nyeusi ya viatu ili watalii wadhani ni mpingo. Hakuna aliyeona vibaya. Kazi ndiyo ilikuwa hivyo. Halafu Mulei akakutana na Kaloki. Huyo aliwaacha twiga zamani, akawa anachonga watu: mama aliyejitwika debe, kibarua aliyelala juu ya mkokoteni. Hakupaka kitu. Alama za tezo aliziacha zionekane, na waliomcheka aliwaambia mti hauoni haya kuwa mti. Basi kila Jumapili Mulei alikwenda Kawangware kwa miguu, akarudi na Kaloki kasema hivi, Kaloki kasema vile, mpaka ugali ukapoa.

"Kwani huyo Kaloki ndiye anatulisha?" nikamuuliza siku moja.

"Mama Mukai, huyo mzee anachonga kitu yeye anajua. Mimi nachonga kitu mzungu anajua."

Pasaka ya mwisho Mzee Kenyatta akiwa hai, katekista wa kanisa letu la mtaa wa Lindi, hapo hapo Kibera, Wangila, alimwomba Mulei achonge msalaba wenye Yesu. Aliutaka wa mpingo, na Mulei akaahidi mpingo. Asiupate. Akachonga mjakaranda, mti mweupe kama mhogo uliomenywa. Magoti ya yule Yesu aliyatoa kwa vibarua wa Gatwekera wanaosukuma mikokoteni: yamevimba, moja limekwenda upande. Nilipoyaona niliyagusa kwa kidole, nikasahau ugali mekoni.

Alhamisi jioni nikasikia harufu ya rangi ya viatu.

"Baba Mukai, umepaka?"

"Watasema nimewaletea kuni," akajibu bila kuniangalia. "Na mimi nilisema mpingo."

Ningeweza kumzuia. Lakini twiga wetu walifika Ulaya wakiwa weusi, nikaona hata huyu Yesu atavumilia.

Ijumaa Kuu kanisa lilijaa hadi mlangoni, na yale mabati yakatuchoma kama tuko jikoni. Mulei alikuwa amemwalika Kaloki, akamkalisha benchi la mbele. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza isiyokuwa twiga, na alitaka kusikia neno moja tu kutoka kwa mzee yule. Watu wakapanga foleni kubusu magoti ya Yesu. Aliyetangulia ni mama Kageha, mjane wa Kimaragoli ambaye macho yalishaanza kumwacha. Aliporudi kuketi, midomo yake ilikuwa nyeusi tititi.

"Cheki mathe amepaka lipstiki!" kijana mmoja wa kwaya akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Joto lilikuwa limeyeyusha rangi. Watu wakaanza kujifuta midomo kwa viganja, wakazidi kujichafua. Wangila naye, mdomo mweusi, akageuka. "Mulei, tangu lini mpingo ukachuja?"

Kanisa zima likatutazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Njia ya mwongo ni fupi, nalijua hilo, ila sikujua ya kwetu ingeishia altareni, mume wangu amesimama na kucha zake bado nyeusi.

Kaloki akainuka. Akatoa kitambaa mfukoni, akalifuta goti moja polepole mpaka mti mweupe ukatokea, na alama za tezo juu yake. Akalipapasa kwa kidole gumba.

"Haya magoti umechonga wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Sasa mbona umeyaonea haya?"

Vicheko Mulei alivivumilia. Swali hilo lilimshinda. Akalia mbele za watu, mwanamume mzima, na mimi sikujua niweke wapi uso wangu.

Tukautoa msalaba nje. Mulei akauosha kwa sabuni ya kipande mbele ya wote, mimi nikimmiminia maji, na safari hii hakucheka mtu. Ulipokauka, Wangila akasema urudishwe ndani.

Mama Kageha, ambaye hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kuhusu midomo yake, akasikia foleni imeanza tena, akajipenyeza mbele. Akapiga magoti, akabusu. Kwenye goti jeupe likabaki doa jeusi la midomo miwili. Nikachomoka na leso yangu kulifuta. Mulei akanishika mkono.

"Wacha," akasema.

Twiga Mulei bado anawachonga, maana lazima tule, lakini hawapaki rangi tena. Kaloki sasa nampikia chai akija. Na kila Ijumaa Kuu Mulei hupanga foleni nyuma ya watu wote, na akifika huinama pale penye doa, ndipo anapobusu.