Kona ya Watoto Wachanga

Mama alikuwa amepiga magoti, akikwangua ukungu kwenye jiwe la kaburi kwa kijiko cha chai. Kijiko alitoka nacho nyumbani, amekifunga kwenye leso na kukitia mkobani kama dawa. Herufi zilipoanza kujitokeza akasogea pembeni ili nisome, maana macho yake yalikuwa yamechoshwa na miaka mingi ya cherehani.

"Wa kiume," nikamwambia.

"Maskini," akasema. Akaendelea kulikwangua hata hivyo mpaka likawa safi, ndipo akahamia la jirani.

Tulikuwa tunamtafuta dada yangu. Alinitangulia kuzaliwa, na kwa ninavyojua hakumaliza hata siku moja. Mama alijifungua katikati ya kifafa cha mimba. Alipozinduka, kitanda kidogo cha pembeni kilikuwa kitupu na baba amesimama mlangoni, matope hadi magotini. "Nimeshamzika," baba alisema. Basi. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno ya kuhesabu, na juu ya jambo hilo hakuongeza hata moja. Mama akimwuliza kaburi liko wapi, humjibu, "Makaburini. Kwani watu huzikwa wapi?" kisha huchukua kofia yake na kutoka.

Swali hilo mama alilimeza miaka yote. Baba alipofariki, na wageni wa msibani walipokwisha kuondoka, alinikuta ninapanga viti uani.

"Baba yako amekufa na mtoto hajui," akasema. "Nani atamwambia?"

Mimi ni fundi wa friji. Kazi yangu ni kutafuta hitilafu mpaka niione, na kiburi cha kazi hiyo ndicho kilichonifanya nimwahidi kwamba tutampata.

Makaburini hatukumpata. Mlinzi alituambia kona ya watoto wachanga zamani ilikuwa kubwa zaidi, kabla barabara haijapanuliwa na ukuta kusogezwa ndani. Halafu si kila mtoto aliwekewa jiwe. "Wengi tuliwachomekea kigingi cha mti," alisema, akitazama viatu vyake. "Na kigingi kinaoza, mama."

Tukaenda maktaba, walikohifadhi magazeti ya zamani. Nilidhani huenda kuna tangazo la kifo. Tangazo halikuwepo. Lakini kwenye gazeti la kesho yake baada ya kuzaliwa dada palikuwa na picha kubwa: mto umefurika, na vichwa vya mawe ya makaburi vinachungulia juu ya maji. Mazishi yote yalikuwa yamesimamishwa. Nilitaka kufunua ukurasa upesi. Mama akaweka kiganja chake juu ya picha.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Sasa baba yako alimzika wapi?"

Niliona usoni mwake kitu kilichonitisha kuliko machozi: mama alikuwa anaanza kutumaini.

Ofisi ya vizazi na vifo ikammaliza kabisa. Karani alimkuta dada kwenye kitabu cha vizazi: mtoto wa kike, amezaliwa hai, mahali pa jina patupu. Kwenye vitabu vya vifo hakuwemo. Karani mwenyewe, mama wa makamo, alininong'oneza kwamba enzi zile ni wachache waliohangaika kuandikisha kifo cha kichanga, nisije nikajipa moyo bure. Mama alikuwa ameshatoka nje. Nilimkuta kwenye ngazi, akaning'ang'ania mkono kama msichana.

"Hajafa, baba. Walimchukua."

Tangu hapo kwenda naye sokoni ikawa adhabu. Akimwona mwanamke wa umri ule mwenye paji pana kama la baba, humsimamisha: "Mwanangu, mama yako ni nani?" Wengine walicheka. Muuza nyanya mmoja alilia, kwa kuwa alikuwa amemzika mama yake juzi tu. Nyumbani mama alishona gauni la mtu mzima, akinipima mimi. "Atakuwa na mabega yako," alisema, pini mdomoni.

Nikamfuata baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba aliyebaki hai, nikambana mpaka akakubali kuja nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kukopa.

"Shemeji," akamwambia mama, "mwavuli niliushika mimi."

Akasimulia akitazama sakafu. Makaburi yalikuwa ndani ya maji, na hospitali haikuwa na pa kumweka maiti. Ardhi kavu ilikuwa kule juu tu, kwenye kiwanja ambacho baba alikuwa amechimba msingi wa ghala la mtu. Wakamzika humo, kwenye mvua. Maji yalipopungua, mwenye ghala alitaka kazi iendelee, na baba akaendelea: akamwaga zege kwa mikono yake.

"Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukijua alijenga juu yake, hutamtazama tena usoni."

Nikakumbuka jinsi baba alivyokuwa akituzungusha mji mzima ili tusipite barabara ile ya juu, akisema kuna mbwa wakali. Ghala lilishavunjwa. Sasa pana kituo cha mafuta.

Tulikwenda. Mhudumu akaja mbio na kuuliza, "Niweke kiasi gani?" Nikamwambia hatuhitaji. Mama alisimama kati ya pampu, akaitazama ile sakafu yenye madoa ya oili kwa muda mrefu, nami nikarudi nyuma ili aseme na mwanawe. Aligeuka.

"Hapa hapana mtu," akasema, akaingia garini. Njiani akaongeza, "Shemeji amezeeka, anachanganya mambo."

Nilijaribu mara moja tu kuliweka jambo sawa kwenye vitabu vya vifo. Nikampeleka baba mdogo kwa karani akatoa ushahidi, ikabaki sahihi ya mama. Aliishika kalamu, akailaza mezani polepole.

"Mara ya kwanza niliambiwa amekufa, nikakubali bila kumwona. Safari hii sikubali."

Baba mdogo alitangulia. Mama akamfuata, msimu wa baridi, akiwa bado anauliza watu mama zao ni nani. Nilipokwenda kuandikisha kifo chake, nilimkuta karani mpya, kijana, kila kitu chake kimo kwenye kompyuta.

"Marehemu ameacha watoto wawili," akasoma, "wa kike na wa kiume. Sawa?"

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Angetaka shahidi, na shahidi sikuwa naye tena.

"Sawa," nikasema.

"Huyu dada yako anakaa wapi?"

Nyuma yangu foleni ilikuwa inaguna.

"Barabara ya juu," nikamjibu. "Pale kwenye kituo cha mafuta."

Akaandika.